Sekunde 15 za Kimya

Jumamosi saa moja usiku, wakati wengi hapa chuoni wanabishana kuhusu Simba na Yanga, mimi huwa nimejibanza kwenye kona ya kitanda na simu yangu, natafuta mechi ya futiboli ya Marekani. Siongelei ile ligi kubwa ya NFL. Naongelea ile ya vyuo vikuu, inayochezwa na wanafunzi wenzetu, wengi wao wa miaka 18 hadi 22. Kule ndiyo kwanza saa sita mchana. Mechi zao za usiku zinapoanza, kwetu ni saa nane za usiku, bando linaelekea ukingoni, na mwenzangu wa chumba anageukia ukutani akilalamika: "Mpira gani huo wa kushika kwa mikono? Sekunde tano wanacheza, nusu dakika wanasimama!"

Lalamiko lake ni la haki, na ndilo lililonifanya niandike. Kule kusimama ndiko kunakonikesha.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze kwa kifupi. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kati ya jaribio moja na jingine, mtu lazima aamue: tukimbie nao au tuurushe? Upande gani? Aupokee nani? Kisha wachezaji wote 11 wajue uamuzi huo na wajipange kabla saa ya sekunde 40 haijafika sifuri. Mpira unapoanzishwa, wa kwanza kuushika ni mchezaji anayeitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayeurusha, anayempa mkimbiaji, au anayekimbia nao mwenyewe.

Swali langu ni moja tu: uamuzi ule ni wa nani? Wa kocha aliyesimama pembeni na karatasi yake kubwa, au wa kijana aliye ndani ya uwanja, anayewaona walinzi wakimjia?

Mimi nasema hivi: kocha wa chuo kikuu anayeamua kila kitu kwa niaba ya mchezaji wake anamnyima mwanafunzi somo kubwa kuliko yote ambayo mchezo huu unaweza kumpa. Na mara nyingi anajinyima pointi vilevile. Najua wapo watakaonipinga, tena kwa hoja nzuri. Nitafika huko.

Tuanze na redio. Hadi msimu wa 2023, makocha wa vyuo vikubwa walituma mbinu uwanjani kwa ishara za mikono, au kwa mabango yenye picha za ajabu ajabu kama yale yaliyopendwa na Oregon enzi za kocha Chip Kelly. Ukitazama mechi za miaka ile utaona kitu cha kuchekesha: timu nzima inajipanga, halafu wachezaji wote kwa pamoja wanageuza shingo kutazama benchi, mithili ya watoto wa shule wanaosubiri kengele. Tatizo la ishara ni kwamba zinaibika. Mwaka 2023 chuo cha Michigan kiliingia kwenye kashfa ya kutuma watu kwenye mechi za wapinzani kwenda kusoma ishara zao. Umoja wa vyuo wa Big Ten ukamfungia kocha mkuu Jim Harbaugh mechi tatu, na bado Michigan wakatwaa ubingwa wa taifa msimu uleule.

Msimu wa 2024 ukaja na sheria mpya. Vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kuweka redio ndani ya helmeti ya mchezaji mmoja tu aliyeko uwanjani, anayetambulika kwa nukta ya kijani. Kocha anaongea, kijana anasikia. Lakini waliotunga sheria waliweka mpaka: saa ikibakiza sekunde 15, redio inakatika. Kuanzia hapo kijana yuko peke yake.

Hizo sekunde 15 ndizo ninazozipenda mimi. Walinzi wanahama dakika ya mwisho, mmoja anajifanya anakuja kumbe anarudi nyuma, na kwotabeki wa miaka 20 anapaswa kujibu mwenyewe: je, nilichoambiwa bado kina maana? Akiona hakina, ana ujasiri wa kubadilisha? Na kabla ya yote, kuna mtu aliyemfundisha kubadilisha?

Kumbuka pia kwamba mchezo huu haukuanza na sauti masikioni. Kwa miongo mingi sheria za vyuo zilikataza kabisa kocha kumwelekeza mchezaji kutoka pembeni mechi ikiendelea, na katazo hilo lilidumu hadi miaka ya 1960. Kocha alikuwa kama mwalimu siku ya mtihani: ulichofundisha umefundisha, sasa kaa kimya uone matokeo. Kwotabeki ndiye aliyetaja mbinu. Mfano unaosimuliwa sana ni wa mwaka 1913. Kurusha mpira mbele kulikuwa kumeruhusiwa tangu 1906, ila timu nyingi bado zilikuwa zikigongana tu katikati. Vijana wawili wa Notre Dame, Gus Dorais na Knute Rockne, walipata kazi za likizo kwenye hoteli ya ufukweni huko Cedar Point, Ohio, na muda wao wa ziada wakautumia kurushiana mpira mchangani. Msimu ulipoanza walikwenda kuwakabili Army, timu ya chuo cha kijeshi iliyotarajiwa kuwameza, wakashinda 35 kwa 13. Dorais alikuwa amekwisha kujua Rockne atakuwa wapi. Wanafunzi wawili, ajira ya likizo na mpira mmoja.

Sasa njoo miaka ya 1960 mwishoni, Texas. Msaidizi wa kocha aliyeitwa Emory Bellard alibuni mpangilio ambao kwotabeki alisimama mbele na wakimbiaji watatu nyuma yake. Ndani ya mbinu moja kulikuwa na chaguo tatu. Kuna mlinzi mmoja ambaye anaachwa makusudi bila kuzuiwa na mtu yeyote. Kwotabeki anamtazama. Mlinzi akibaki nje, mkimbiaji wa kwanza anapewa mpira apite katikati. Mlinzi akiingia ndani, kwotabeki anaubakiza na kukimbilia pembeni. Huko anakutana na mlinzi wa pili, naye anasomwa vilevile: akimfuata kwotabeki, mpira unatupwa kwa mkimbiaji wa nje, akimfuata wa nje, kwotabeki anapenya mwenyewe.

Tafakari hapo kidogo. Kocha ametaja mbinu, lakini hajui mpira utaishia mikononi mwa nani! Hakuna anayejua, hadi kijana atakaposoma macho na miguu ya mlinzi ndani ya nusu sekunde. Kocha Darrell Royal aliukubali mfumo huo, na baada ya kuanza vibaya kwa sare moja na kipigo kimoja mwaka 1968, Texas walishinda mechi 30 mfululizo. Kwotabeki James Street alianza mechi 20 na akashinda zote 20. Hakuwa na mkono wa kurusha mpira wa kutisha. Alikuwa na macho, na alikuwa na kocha aliyekubali kumwamini.

Nina mechi moja ninayoipenda kuitumia kwenye mabishano, kwa sababu inawapa pointi pande zote mbili. Desemba 6, 1969, Texas dhidi ya Arkansas, Rais Nixon akiwa jukwaani. Hadi robo ya mwisho inaanza, Texas walikuwa nyuma 14 kwa 0. Jaribio la kwanza kabisa la robo hiyo, mbinu iliyotajwa ilikuwa ya kurusha. Street akaona hapati mtu wa kumrushia, akaamua kukimbia mwenyewe. Yadi 42, hadi mwisho wa uwanja. Hiyo haikuwa kwenye karatasi ya mtu. Mara moja wakachukua pointi mbili za nyongeza badala ya moja, jambo ambalo Royal alikuwa amelipanga mapema. Matokeo yakawa 14 kwa 8.

Zikiwa zimebaki dakika chache chini ya tano, Texas wakafika jaribio la nne, yadi tatu pungufu, tena kwenye nusu yao wenyewe ya uwanja. Kila mtu alitarajia wakimbie na mpira. Royal akataja mbinu ya kurusha mbali. Inasimuliwa kwamba Street mwenyewe alishtuka, akamuuliza kocha kama ana uhakika. Ana uhakika. Basi Street akarudi kwenye duara la wenzake, akijua walinzi wa Arkansas wanachungulia nyuso zao. Akamkazia macho mpokeaji mwingine kabisa, huku maneno yake yakimwelekea Randy Peschel, ambaye ndiye angerushiwa. Mpira ukaenda yadi 44, Peschel akaudaka katikati ya walinzi wawili. Majaribio mawili baadaye Texas walifunga, wakaongoza 15 kwa 14, na hivyo ndivyo mechi ilivyoisha.

Mshikaji wangu wa chumba, ambaye kwa kunisikiliza kila wiki amekuwa nusu mtaalamu bila kupenda, husema: "Umeona? Kocha ndiye aliyeshinda mechi. Dogo alitaka kukataa!" Na hapo ana haki. Kocha aliona kitu ambacho mchezaji hakukiona. Kwa hiyo sisemi kocha anyamaze. Ninachosema ni kwamba uamuzi ule wa Royal ulifika salama kwa sababu ulipokelewa na kijana aliyezoea kufikiri. Kijana aliyezoea kutii tu asingewaza kuficha macho yake. Tena bila zile yadi 42 ambazo hakuna aliyezitaja, uamuzi wa kocha usingekuwa na mechi ya kuokoa.

Tangu hapo ubunifu mkubwa wa ushambuliaji vyuoni umefuata njia hiyohiyo. Miaka ya 1990 mwanzoni, kocha Rich Rodriguez akiwa Glenville State, chuo kidogo cha West Virginia, aliwafundisha makwotabeki wake kumsoma mlinzi wa pembeni kabla ya kuamua kumpa mkimbiaji mpira au kuubakiza. Leo kila mtu anatumia kitu hicho. Ikazaliwa na ile wanayoiita RPO, ambayo kwotabeki anaamua mbinu ikiwa tayari inaendelea kama ni ya kukimbia au ya kurusha, kwa kumtazama mlinzi mmoja. Naye Mike Leach, aliyefariki Desemba 2022, alikuwa na shahada ya sheria na hakuwahi kuchezea timu ya chuo chochote. Mbinu zake zilikuwa chache mno kulinganisha na za makocha wenzake. Walizirudia mazoezini mpaka zikachosha, halafu kwotabeki akaruhusiwa kubadilisha pale pale mstarini kulingana na anachokiona. Kwa njia hiyo Texas Tech, chuo ambacho si kawaida kupata vijana wanaogombewa nchi nzima, kiliwafunga Texas waliokuwa namba moja, 39 kwa 33, Novemba 2008, kwa mpira uliodakwa na Michael Crabtree ikiwa imebaki sekunde moja tu kwenye saa.

Vyuo vya kijeshi navyo vina mfano wao. Wanafunzi wao ni wadogo kimwili ukilinganisha na wa vyuo vikubwa, maana baada ya masomo wanakwenda jeshini, na jeshi halitaki mtu wa kilo 150. Wamebaki na ule mchezo wa kusoma na kuchagua. Mwaka 2007 Navy waliwafunga Notre Dame 46 kwa 44 baada ya kuongezewa muda mara tatu, wakakata mkosi wa vipigo 43 mfululizo. Mwaka 2018 Army walikwenda Oklahoma, kwenye timu ya Kyler Murray aliyechukua tuzo ya Heisman mwaka huohuo, wakakaa na mpira zaidi ya dakika 44 kati ya 60, na wakalazimisha muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 28 kwa 21. Walipoteza, ndiyo. Lakini kumnyima tajiri mpira kwa dakika 44 si jambo dogo.

Basi kama historia iko hivi, mbona sauti ya kocha inazidi kuwa kubwa? Majibu yapo, na si ya kijinga.

La kwanza ni pesa. Makocha wakubwa wa vyuo vya umma wanalipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, na katika majimbo mengi kocha ndiye mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo. Mtu wa mshahara huo hawezi kusimama mbele ya wafadhili akasema "tulifungwa kwa sababu nilimwachia kijana wa mwaka wa pili aamue." Akifungwa, anataka afungwe kwa makosa yake mwenyewe. Tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa hiyo shinikizo limeongezeka.

La pili ni muda. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka bila kulazimika kukaa nje msimu mzima. Kocha anampokea kwotabeki mwezi Januari, anamcheza Agosti, na msimu ukiisha kijana anahama. Utamfundisha saa ngapi kusoma uwanja? Ni rahisi zaidi kumnong'oneza masikioni. Timu ikiwahi kujipanga kabla ya zile sekunde 15, kocha anaweza hata kumwambia walinzi wamesimamaje. Anakuwa amemwazima macho.

Hoja hizo nazielewa, tena ya pili naiheshimu. Lakini zitazame tena. Zote zinaeleza kwa nini ni vigumu kumfundisha kijana kuamua. Hakuna hata moja inayosema kwamba kijana anayeamuliwa kila kitu anacheza vizuri zaidi saa ikibakiza sekunde 15 na redio ikakatika. Na itakatika. Macho ya kuazima yanarudi kwa mwenyewe, tena wakati mbaya kuliko wote.

Hapa ndipo inaponigusa mimi, mwanafunzi wa ualimu. Mwaka jana nikiwa mafunzo kwa vitendo, nilifundisha kidato cha pili mada ya kusoma ramani. Siku hiyo mkaguzi wangu alikuwa amekaa nyuma ya darasa na fomu yake. Nilikuwa na andalio la somo safi kabisa: utangulizi dakika tano, maarifa mapya dakika 20, na kuendelea. Nikiwa katikati, binti mmoja wa dawati la pili akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza kilimkwama: "Mwalimu, hii mistari ya kontua ikikutana inakuwaje?"

Jamani, hilo ndilo swali lenyewe. Mtu akilijibu hilo ameielewa mada: mistari ikikutana mahali pamoja, hapo ardhi imekatika wima, kuna genge. Ningeweza kuligeuza somo zima kuanzia pale. Nikatazama saa, nikatazama andalio, nikamtazama mkaguzi. Nikasema, "Tutaliona baadaye." Baadaye haikuja. Nilipata alama nzuri, na kwenye fomu nikasifiwa kwa kuzingatia muda. Yule binti hakunyoosha mkono tena hadi naondoka.

Hakuna aliyenikataza kujibu. Hakukuwa na redio masikioni mwangu. Ila nilikuwa nimefanya kama wale wachezaji wanaogeuza shingo kutazama benchi, wakati mchezo uko mbele yao. Kwa miaka yote ya shule na chuo nimefundishwa kukariri na kutaja nilichoambiwa, na nimefaulu hivyo. Sekunde zangu 15 zilipofika, sikuwa na zoezi la kuamua.

Ndiyo maana nikimwona kijana wa chuo kule Marekani anabadilisha mbinu mstarini na kukosea, mpira ukadakwa na adui, na kocha anamrudisha uwanjani bila kumfokea, mimi husimama kitandani nikashangilia peke yangu. Kocha yule anafundisha. Andalio lake lipo na amelichambua wiki nzima, lakini ameacha nafasi ndani yake kwa macho ya mtu mwingine. Bellard alifanya hivyo alipochora mbinu isiyo na jibu moja, na Leach alifanya hivyo alipopunguza mbinu ili wachezaji wazijue kiasi cha kuweza kuzivunja. Uhuru wa James Street ulitengenezwa mazoezini siku baada ya siku, kwa kumsoma mlinzi yuleyule mara elfu. Anayedhani kumwachia kijana aamue ni uvivu wa kocha, hajawahi kujaribu kumfundisha mtu kuamua.

Kwa hiyo makocha wa vyuo na waendelee na redio zao, sina ugomvi nazo. Ila nawashauri wapime kazi yao kwa kinachotokea baada ya redio kukatika. Na sisi wa kitivo cha elimu, tutakaorudi kwenye mafunzo kwa vitendo hivi karibuni, tuandike maandalio yetu vizuri, maana mkaguzi atayataka. Kisha tuache ndani yake dakika tano zisizo na jina.

Mwenzangu wa chumba amesoma rasimu ya makala hii. Amesema ndefu, na bado haoni kwa nini mpira ushikwe kwa mikono. Lakini Jumamosi iliyopita, saa nane na nusu usiku, nilisikia sauti kutoka upande wa ukutani: "Hapo abadilishe bwana, huyo wa pembeni anakuja!" Kijana hakubadilisha. Akaangushwa.